Tukope wapi bila riba? Nasaha kwa familia za Bonde la Kilombero

 

Ndugu Waislamu, mada yetu ya leo inahusu jambo linalogusa karibu kila nyumba katika Bonde la Kilombero, nalo ni mkopo. Katika mitaa ya Viwanja Sitini pale Ifakara, na katika vijiji vinavyoizunguka, si rahisi kumpata baba au mama wa familia ambaye hajapata kukopa. Kukopa si aibu wala si dhambi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikopa, na aliiaga dunia hali deraa yake ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina kwa ajili ya shayiri aliyoichukua kuwalisha watu wake. Swali tunalopaswa kujiuliza ni hili: tunakopa kwa nani, na kwa masharti gani?

Mara nyingi waumini husikia mimbarini kwamba riba ni haramu. Hilo ni kweli, tena ni katika madhambi makubwa. Lakini mjane mwenye watoto wanne, ambaye akiba imekwisha na mpunga wake bado uko kijani shambani, hana budi kuuliza: baada ya kukatazwa, niende wapi? Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo.

Msimu wa dhiki

Mwenye kulijua Bonde la Kilombero anajua mzunguko wa maisha yake. Mvua zinapoanza, watu hulima na kupanda mpunga, kisha hupalilia, kisha hukaa dunguni wakiamia ndege hadi mavuno, ambayo kwa wengi huwa kati ya Mei na Julai. Fedha nyingi hutoka mfukoni kati ya Desemba na Aprili, na fedha nyingi huingia Juni na Julai. Katikati pana miezi ambayo ghala ni tupu, shamba linadai vibarua na dawa ya magugu, shule zimefunguliwa na watoto wanahitaji sare na madaftari, na malaria haingojei mavuno. Miaka ambayo mto Kilombero unafurika kupita kiasi, hata kilichopandwa huondoka na maji.

Hapo ndipo mtu hubisha hodi kwa mkopeshaji. Na kwa kuwa anabisha akiwa na dhiki, hukubali masharti ambayo asingeyakubali akiwa ameshiba.

Milango iliyo karibu na hatari zake

Mlango wa kwanza ni wa mnunuzi wa mpunga. Mkulima hupewa fedha taslimu mwezi wa Februari kwa ahadi ya kulipa magunia wakati wa mavuno. Tuchukue mfano. Mtu amepewa shilingi 50,000 kwa ahadi ya gunia moja mwezi wa Julai. Iwapo siku ya mavuno gunia hilo linauzwa shilingi 80,000, mkulima ametoa 30,000 zaidi ya alichopokea kwa muda wa miezi 5, yaani asilimia 60. Na iwapo shamba limeliwa na mafuriko, huambiwa alipe magunia mawili mwaka unaofuata. Desturi hii haiko Kilombero peke yake. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaijua kwa jina la butura, pale kahawa inapouzwa ikiwa ingali mtini.

Mlango wa pili ni wa wakopeshaji wa mitaani, ambao wananchi wenyewe wameiita mikopo yao kausha damu. Jina hilo linatosha kueleza hali. Mtu akikopa shilingi 100,000 kwa asilimia 30 kwa mwezi na akawa analipa riba tu, baada ya miezi 4 atakuwa ametoa 120,000, na bado anadaiwa zile 100,000 zote. Akichelewesha rejesho, hubebewa makochi, godoro na sufuria mbele ya watoto wake. Wapo akina mama waliokopa kwa siri wakahama nyumba kwa kuogopa siku ya marejesho, na zipo ndoa zilizovunjika kwa sababu hiyo hiyo.

Mlango wa tatu uko ndani ya simu. Fedha huja kwa dakika chache, na mwenye kuchelewa kulipa hutumiwa vitisho, yeye na jamaa zake ambao namba zao zilichukuliwa kutoka katika simu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Ni vyema familia zikajua kwamba nchi yetu ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria hiyo imewapanga watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, makampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, yaani SACCOS, na vikundi vya kijamii. Mkopeshaji wa daraja la pili lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na kanuni za mwaka 2019 zilimwekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa Muislamu, asilimia 3.5 nayo ni riba, na sheria ya nchi kuiruhusu hakuihalalishi mbele ya Mwenyezi Mungu. Hata hivyo sheria hii inamsaidia aliyekwisha kunaswa. Anayetozwa asilimia 30 anadhulumiwa kwa sheria ya dini na kwa sheria ya nchi pia, na anayo haki ya kushitaki.

Vikundi na suala la hisa

Mlango wa nne ni wa vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na vinginevyo. Asili ya mfumo huu si mbali nasi Waislamu. Ulianzia Maradi nchini Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa Kihausa, kwa msaada wa shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika nzima. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mipango hii ina kheri nyingi. Imewafundisha watu nidhamu ya akiba, imewapa akina mama sauti, na imewaepusha wengi na kausha damu.

Tatizo ni kwamba vikundi vingi hukopeshana kwa riba, na mwisho wa mwaka hugawana riba hiyo pamoja na hisa. Baadhi ya ndugu husema kwamba hii si riba kwa kuwa faida inarudi kwa wanachama wenyewe. Ukiitazama kwa makini, hoja hiyo haisimami. Mwenye shida ndiye anayekopa mara nyingi, kwa hiyo ndiye anayelipa zaidi. Mwenye nafasi hununua hisa nyingi, hakopi, na mwisho wa mwaka huondoka na fungu kubwa. Kwa maneno mengine, maskini wa kikundi amemlipa tajiri wa kikundi.

Lakini ndani ya vikundi hivyo hivyo kuna kitu kingine, nacho ni mfuko wa jamii. Kila mwanachama huuchangia kidogo kila wiki, na mwenye msiba au ugonjwa hupewa msaada, au hukopeshwa na kurejesha alichochukua bila nyongeza. Huo ndio qardhi hasana, mkopo mwema. Kwa hiyo wanawake wa Kiislamu hawana haja ya kuvunja vikundi vyao. Waukuze mfuko huo uwe ndio msingi wa kukopeshana. Na wakitaka faida, kikundi kitumie fedha za hisa kufanya biashara ya halali kwa ubia, wagawane kilichopatikana, na hasara ikitokea waibebe pamoja.

Kubadili jina hakubadili hukumu

Qur'ani Tukufu katika Suratul-Baqara, kuanzia aya ya 275, imehalalisha biashara na kuharamisha riba, na imetangaza vita dhidi ya asiyeiacha. Na katika hadithi aliyoipokea Jabir (r.a.), iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) amewalaani mwenye kuila riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akawaweka wote daraja moja.

Pamoja na makatazo hayo, wanadamu hawakuacha kutafuta hila. Historia ya Zanzibar ina funzo kubwa hapa. Katika karne ya 19 ilienea huko bei ya khiyari. Mwenye shamba la mikarafuu aliyehitaji fedha aliandika hati kwamba amemuuzia mkopeshaji shamba lake, na kwamba anayo hiari ya kulikomboa baada ya muda fulani. Wakati huo huo alibaki shambani kama mpangaji, akilipa kodi. Kwa karatasi ilikuwa ni mauzo na kodi. Kwa uhakika ulikuwa ni mkopo, na ile kodi ilikuwa ni riba. Madeni yakalimbikizana kizazi baada ya kizazi, hata mwaka 1934 Serikali ya Zanzibar ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia mashamba yasiendelee kuhamia mikononi mwa wakopeshaji. Leo anayeiita riba "ada ya fomu" au "faida ya hisa" anapita njia ile ile.

Milango ya halali iliyopo

Sasa tuitazame milango ambayo familia ya Ifakara inaweza kuibisha.

Kwanza, biashara ya salam. Uislamu haukumzuia mkulima kupata fedha kabla ya mavuno. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana fedha kwa matunda ya mwaka mmoja au miwili mbele. Hakuwakataza, bali aliwaelekeza wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Hivyo mnunuzi wa mpunga anaweza kumlipa mkulima mwezi wa Februari kwa masharti haya: alipe thamani yote palepale wanapopatana, aina na ubora wa mpunga utajwe, kiasi kitajwe kwa kilo na si kwa lumbesa, siku na mahali pa kukabidhi pajulikane, na mpunga usifungwe na shamba moja maalumu ambalo huenda likafurika. Mkulima akishindwa kukabidhi, mnunuzi ana hiari mbili tu: kusubiri, au kurudishiwa fedha alizotoa. Kuongeza gunia kwa sababu ya kuchelewa ni riba ya zama za ujahili. Bei ya salam inaweza kuwa chini kidogo ya bei ya mavuno, kwani mnunuzi ametanguliza fedha. Lakini kumkaba mwenye njaa mpaka auze kwa nusu ya thamani si uungwana wa Muislamu.

Pili, mkopo wa halmashauri. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zote nchini kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro za usimamizi, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Halmashauri ya Mji wa Ifakara nayo inahusika na sheria hii. Njia yake huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata: kikundi kisajiliwe, kiwe na akaunti ya benki na kiandike mradi wake. Inasikitisha kuona Waislamu wakilalamika kwamba hakuna mkopo usio na riba, ilhali huu upo na hawajauomba. Na mwenye kuupata aurejeshe kwa wakati, kwani ni mali ya umma na kuna mwingine anausubiri.

Tatu, mabenki yanayofuata utaratibu wa Kiislamu. Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011, na mwaka 2021 benki ya CRDB ilianzisha huduma yake ya Al Barakah. Humo kuna murabaha, ambapo benki hununua kifaa, tuseme pawatila au mashine ya kukoboa, kisha humuuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, naye hulipa kwa awamu. Deni halikui kwa kuchelewa. Njia hii inamfaa zaidi mwenye biashara au mshahara kuliko mkulima wa ekari mbili, lakini vikundi na wafanyabiashara wetu waiulizie.

Nne, stakabadhi ghalani, mfumo uliowekewa sheria mwaka 2005. Mkulima huweka mazao katika ghala lenye leseni na kupewa hati, akauza bei inapopanda badala ya kuuza Julai wakati kila mtu anauza. Mfumo wenyewe ni mwema. Tahadhari ni kwamba benki zinapokopesha kwa dhamana ya hati hiyo mara nyingi hutoza riba. Muislamu ahifadhi na auze, na akihitaji fedha kabla ya hapo auze sehemu ya mpunga wake.

Wajibu wa msikiti

Hata hivyo, ndugu Waislamu, mjane wa Februari anayehitaji shilingi 60,000 za dawa na chakula hatasubiri usajili wa kikundi, wala benki haitamtazama. Mlango wake ni jirani yake na msikiti wake. Hapa lawama haiko kwa anayekopa peke yake. Inatuhusu sisi tunaokataza riba huku tukiwa hatujafungua mlango mwingine.

Jambo hili linawezekana. Mwaka 1963, katika mji wa Mit Ghamr uliomo katika eneo la wakulima nchini Misri, Dk. Ahmad al-Najjar alianzisha benki ya akiba isiyo na riba, na wakulima ambao hawakuwahi kuingia benki wakaweka akiba zao. Mwaka 2001 huko Lahore, Pakistan, Dk. Muhammad Amjad Saqib na wenzake walianzisha taasisi ya Akhuwat kwa mkopo mmoja mdogo aliopewa mjane. Walikopesha bila riba, wakagawa fedha misikitini mbele ya watu, na wakopaji wengi mno walirejesha. Baadaye taasisi hiyo ilihudumia mamilioni ya watu.

Sisi Ifakara tuna mpunga. Tuchukue mfano wa msikiti wenye nyumba 120. Kila nyumba ikitoa debe moja la mpunga baada ya mavuno, na tukihesabu gunia kuwa ni debe 6, yatapatikana magunia 20. Kwa bei ile ile ya mfano wetu, shilingi 80,000, hizo ni shilingi 1,600,000. Ifikapo Februari, familia 16 zinaweza kukopeshwa shilingi 100,000 kila moja, na kuzirejesha Julai kama zilivyo. Mwaka wa pili mfuko utakuwa umeongezeka kwa mchango mpya. Kamati iwe ya watu waaminifu, wanaume kwa wanawake. Kila mkopo uandikwe na uwe na wadhamini wawili, na hesabu zisomwe mbele ya waumini kila baada ya miezi mitatu, bila kutaja majina ya wakopaji.

Zaidi ya hayo ipo zaka, ambayo wakulima wengi wanaisahau. Nisabu ya mazao ni wasaki 5, takriban kilo 650 za nafaka safi. Kwa mpunga wenye maganda, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wanahesabu mara mbili ya kiasi hicho. Mazao ya mvua hutolewa sehemu ya kumi, na ya umwagiliaji wa gharama nusu yake. Na katika mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika Suratut-Tawba aya ya 60, limo fungu la wenye madeni. Zaka haikopeshwi bali hutolewa, na aliyezidiwa na deni ni mwenye haki ndani yake. Lau zaka ya mpunga wa bonde hili ingekusanywa kwa utaratibu, wangapi wangekombolewa kutoka mikononi mwa kausha damu?

Wajibu wa mkopaji na familia yake

Mikopo myema mingi imekufa kwa sababu wakopaji hawakurejesha. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni akaacha kumswalia mwenyewe, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipochukua dhamana ya kulilipa. Na amefundisha kwamba tajiri kuchelewesha deni ni dhulma, na kwamba walio bora ni wale wanaolipa vizuri zaidi. Anayelila deni la jirani anamfungia mlango maskini atakayekuja baada yake.

Basi mume na mke washauriane kabla ya kukopa. Mume asimwachie mkewe mzigo wa matumizi hadi akalazimika kukopa kwa siri, kwani matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume. Deni liandikwe na lishuhudiwe, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, hata kama mkopeshaji ni ndugu wa tumbo moja. Mtu asikope kwa ajili ya shamrashamra za harusi, simu mpya au makochi, kisha akasema ni dharura. Dharura inajulikana, nayo ina mipaka.

Na aliyekwisha kuzama katika riba asikate tamaa. Asichukue mkopo mwingine kulipia wa kwanza, kwani hivyo ndivyo shimo linavyochimbwa. Amweleze ukweli mwenzake wa ndoa, amwendee imamu wake, aombe kulipa rasilimali kwa awamu, na akitozwa kinyume cha sheria apeleke malalamiko yake kwa viongozi wa mtaa na Benki Kuu. Mkopeshaji Muislamu naye aikumbuke aya ya 280 ya sura hiyo hiyo, inayomtaka ampe muda mwenye dhiki mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni kheri zaidi kwake.

Ndugu Waislamu, Julai huja kila mwaka, na ndiyo miezi ambayo mikono yetu ina kitu. Mwenye kutoa debe lake wakati huo amemkopesha mjane wa Februari kabla hajaomba. Viongozi wa misikiti ya Ifakara na bonde zima walianze jambo hili kwa kiasi walicho nacho, hata kama ni familia tatu tu.

Mwenyezi Mungu atuepushe na mzigo wa madeni, atutosheleze kwa halali yake na haramu tusiihitaji, na azibariki familia zetu na mashamba yetu. Amin.